Shajara ya mradi: RNA zisizotengeneza protini kwenye soriasisi na ekzema, kazi ya Lubumbashi

Tarehe 8 mwezi wa pili 2025: swali na pa kuanzia

Wandugu, hii shajara naiweka wazi ili mtu yeyote wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi ao popote mwenye kompyuta ya kawaida na mega kidogo za intaneti aweze kurudilia hii kazi bila kutungojea. Tuko timu ndogo, mimi niko upande wa hesabu na programu, yaya mmoja (dada yetu mkubwa) ni daktari wa ngozi, na kuko mwenzetu wa labo. Kila hatua ikiisha nitaongeza hapa, na nitaandika gharama juu watu wengi wanaficha hiyo sehemu.

Swali lenyewe. Kwenye soriasisi na ekzema ngozi inawaka miaka na miaka, inatulia, inarudi. Tunajua jeni zinazotengeneza protini za uvimbe, IL-17, IL-23, IL-13 na wenzake, lakini kuko RNA zingine (RNA ni nakala ambazo seli inaandika kutoka kwa jeni) ambazo hazitengenezi protini yoyote na bado zinaongoza mambo. Zile fupi za herufi (vipande vidogo vinavyounda RNA) kama 22 hivi njo mikroRNA, kwa kifupi miR, Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Nobel 2024 kwa kuzigundua kwenye kaminyoo kadogo, habari iliyoanza na lin-4, mikroRNA ya kwanza, mwaka 1993. Zile ndefu, kuanzia herufi 200, kazi yake inabadilika kutoka moja hadi ingine na nyingi bado hazijaeleweka.

Upande wa ngozi mlango ulifunguliwa 2007, Enikö Sonkoly na timu yake ya Karolinska kule Stockholm walionyesha miR-203 iko juu kwenye vidonda vya soriasisi na kwamba inapatikana sana kwenye keratinosaiti, yaani seli za tabaka la juu la ngozi. miR-203 inaikandamiza protini SOCS3, na SOCS3 njo breki ya ishara za uvimbe zinazopita kwa protini STAT3. Breki ikilegea, moto unaendelea. Hiyo hadithi ni nzuri na imerudiwa kila mahali. Ila yaya alinishika hapo hapo: «Kama miR-203 iko ya keratinosaiti, na kwenye soriasisi ngozi inanenepa na keratinosaiti zinakuwa mingi, utajuaje kama kila seli imeongeza miR-203, ao ni seli tu zimeongezeka?»

Njo swali la mradi mzima. Nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza.

Tarehe 22 mwezi wa pili: kupakua data, mpango wa kwanza umeanguka

Tumechagua data ya wazi ya vipimo vya RNA za ngozi yenye namba GSE54456, soriasisi 92 na ngozi nzima 82, iliyotolewa 2014 na watu wa Michigan. Mpango ulikuwa kuvuta data ghafi yote na kuipanga sisi wenyewe kwenye jenomu, yaani kutafuta kila kipande cha RNA kilichosomwa kimetoka sehemu gani ya DNA. Haukufaulu. Faili ni kubwa mno, intaneti ya hapa inakatika katikati, umeme unakwenda bila kuaga na kila ukirudi unaanza upya, mega zinaisha na hauna kitu mkononi. Tulijaribu usiku wa manane wakati mtandao uko mwepesi, ikasaidia kidogo, lakini hata kama faili zingefika mashine yenye RAM ya 4 GB haiwezi kupanga hizo.

Suluhisho ni recount3, hifadhi ya wazi ya data zilizokwisha kupangwa. Hawa walishachukua sampuli zaidi ya 700,000 za watu na panya, wakazipanga zote kwa njia moja, wewe unavuta jedwali la hesabu tu, na jedwali la mradi mmoja linashuka kwa dakika. Tena unachagua anotesheni (orodha inayosema kila jeni iko wapi na ni ya aina gani): GENCODE ya kawaida, ao ile ya FANTOM ambayo ilitengenezwa ikiwa na macho kwa RNA ndefu zisizo za protini. Kwa kazi kama yetu hiyo ya pili ni ya thamani.

Gharama: mega dola 22, nyingi zimekufa kwenye jaribio la kwanza. Mwenye kurudilia kazi, nenda moja kwa moja recount3, dola 3 zitakutosha.

Tarehe 9 mwezi wa tatu: namba kubwa zisizo na maana

Hapa tumepoteza wiki, kwa hiyo nieleze polepole. Jedwali linaloshuka kutoka recount3 linaitwa raw_counts lakini ndani si idadi ya vipande vilivyosomwa, ni jumla ya ufunikaji wa kila herufi ya jeni. Ukiliingiza hivyo kwenye DESeq2, programu ya kulinganisha makundi ya sampuli, haikatai, inakupa majibu, tena majibu yenye nyota nyingi za uhakika wa takwimu, kila kitu kinaonekana muhimu. Kilichotushtua ni kwamba jeni za kawaida ambazo hazipaswi kutikisika nazo zilikuwa zinatoka na uhakika wa ajabu. Inabidi kwanza kupitisha transform_counts(), amri ya recount3 inayorekebisha hizo namba, njo uendelee. Baada ya hapo orodha ilipungua, na zile tunazozijua za soriasisi, KRT16, S100A7, DEFB4A, IL36G, zikapanda juu kabisa kama zinavyopaswa. Hizo nne njo kipimo changu sasa: kama hazipo juu, usisome chochote kingine, rudi nyuma utafute kosa.

Ramani ya sampuli ilitoa makundi mawili yaliyoachana vizuri sana, wagonjwa huku, wazima kule. Mwenzetu wa labo alifurahi. Mimi pia.

Tarehe 23 mwezi wa tatu: orodha ya «zisizo za protini» imejaa wageni

Tulichuja jeni zote tukabakiza zile ambazo anotesheni inasema hazitengenezi protini. Juu kabisa kulikuwa na majina ya kuvutia, na nusu yake hayakustahili kuwepo. Nataka kuonyesha matatu kwa karibu, juu mtu anayerudilia atakutana nayo lazima.

La kwanza ni KRT16P3. Inapanda kwenye soriasisi kwa nguvu kubwa, ukiitazama unafikiri umegundua kitu. Hiyo P inamaanisha ni jeni-bandia, nakala ya KRT16 iliyokaa upande mwingine wa kromosomu 17, na herufi zake zinafanana na za KRT16 kiasi kwamba kipande kifupi kilichosomwa hakijui kimetoka wapi. KRT16 yenyewe inalipuka kwenye soriasisi, na mwangwi wake unaandikwa kwa jina la jirani. Tumeondoa jeni-bandia zote za keratini kwenye orodha. Inawezekana kati yake kuko yenye kazi ya kweli, lakini kwa data ya namna hii huwezi kuitenganisha, na mimi siandiki ninachoshindwa kutenganisha.

La pili ni zile RNA ndefu zinazosomwa kwa uelekeo wa kinyume juu ya jeni ya protini. Hesabu za recount3 hazitofautishi uzi wa DNA wa kwenda na wa kurudi, kwa hiyo RNA ya kinyume ikipandana na jeni ya protini inarithi namba za jeni hiyo bure. Dawa: toa kila RNA ndefu ambayo eksoni yake (sehemu ya jeni inayobaki kwenye RNA iliyokamilika) inapandana na eksoni ya jeni ya protini. Tumepoteza nyingi, na nyingine zilikuwa zimependwa na timu. Ziende tu.

La tatu ni TINCR. Hii imeumiza kidogo. 2013 ilitangazwa kwenye Nature kama RNA ndefu isiyo ya protini inayoongoza ukomavu wa ngozi, watu wengi wameijenga ndani ya maelezo yao. 2020 ikaonyeshwa kwamba kumbe inatengeneza protini, ndogo, inayopatikana kwenye seli za juu za ngozi zinazokakamaa. Anotesheni ya zamani bado inaiweka upande wa zisizo za protini. Tumeitoa. Kwa hiyo kabla hujaandika jina lolote, angalia anotesheni ni ya mwaka gani.

Gharama: sifuri ya mega, ila mafuta ya jenereta dola 18, umeme ulikosekana kwa siku mfululizo.

Tarehe 6 mwezi wa nne: mikroRNA hazimo humu

Watu wengi wananiuliza kwa nini sijaleta miR-21, miR-31, miR-146a, miR-155. Kwenye jedwali kuko mistari yenye majina MIR21, MIR155HG na kadhalika, inavutia kuisoma. Msiisome hivyo. Wakati wa kutayarisha sampuli za namna hii watu wanakamata RNA zenye mkia wa A na wanatupa vipande vifupi, sasa kitu cha herufi 22 kinatupwa pamoja na maji. Kinachohesabiwa kwenye mstari wa MIR21 ni RNA mama ndefu kabla haijakatwa, na wingi wa mama hauambii wingi wa mtoto, juu kuko hatua za kukata katikati na zenyewe zinaongozwa.

Unachoweza kusoma kwa uaminifu ni kama MIR31HG, ambayo ni RNA ndefu yenyewe. Iko juu kwenye soriasisi, na inalingana na yanayojulikana: miR-31 nayo inapanda kwenye soriasisi, 2013 ilionyeshwa inaikandamiza protini STK40 ambayo kazi yake ni kutuliza NF-kB, njia ya ishara za uvimbe. Kwa mikroRNA zenyewe inabidi data iliyotayarishwa kwa RNA fupi, ao upime mwenyewe. Hapo njo wazo la labo lilizaliwa, nitafika.

Tarehe 4 mwezi wa tano: unene wa ngozi, swali la yaya

Sasa tunaingia penyewe. Tulijaribu njia mbili.

Njia ya kwanza: kutengeneza alama ya wingi wa keratinosaiti kwa kila sampuli kutoka jeni KRT5 na KRT14, na alama ya seli T (seli za kinga) kutoka CD3, halafu kuziingiza kwenye modeli ya hesabu. RNA ndefu nyingi zilizokuwa zinang'aa zilizimika. Timu ilifikiri tumepata jibu. Yaya akakataa, na nakubaliana naye: kunenepa kwa ngozi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kama RNA fulani njo inayosababisha seli zigawanyike haraka basi ukirekebisha wingi wa seli umeifuta kwa mkono wako. Namba ya kabla inakuza mno, namba ya baada inaficha, tumeamua kuandika zote mbili upande kwa upande kwa kila RNA, msomaji aone. Hatutachagua moja.

Njia ya pili ni kubadilisha data. GSE121212 ya 2019 ina soriasisi 28, ekzema 27 na wazima 38, na uzuri wake mgonjwa ametoa kidonda na ngozi yake isiyo na kidonda. Ukilinganisha mtu na yeye mwenyewe, umri, jinsia, ukoo, vyote vinajifuta. Swali la unene linabaki lakini kelele zingine zinapungua sana.

Ila ngozi isiyo na kidonda ya mgonjwa haifai kuitwa nzima. Ushahidi ni wa zamani: PRINS, RNA isiyo ya protini iliyoelezwa 2005 na timu ya Szeged kule Hungaria, ilikuwa juu kwenye ngozi ya mgonjwa isiyo na kidonda kuliko kwenye kidonda chenyewe na kuliko kwa watu wazima. Maana yake kuko kitu kimeshajiandaa mahali ambapo jicho linaona pako sawa. Kwa hiyo safu tatu zinahitajika, kidonda, pembeni, na mtu mzima, ukiacha moja hadithi inapinda.

Matokeo mpaka sasa: soriasisi inatoa ishara inayofanana kwa wagonjwa wengi, ekzema imetawanyika, mgonjwa huyu hafanani na yule. Waliotoa hiyo data waliliona jambo hilohilo kwenye jeni za protini. Mimi nafikiri tofauti hiyo ni sababu ya kutochanganya magonjwa mawili kwenye kikapu kimoja cha «ngozi yenye uvimbe», nimeona wengi wanafanya.

Gharama: betri ya kuhifadhi umeme dola 140. Imetuokoa, ingenunuliwa mwezi wa pili.

Tarehe 15 mwezi wa sita: tunakwenda kwa mkanda

Kiangazi kimeingia, vumbi na baridi ya asubuhi, ngozi zinakauka na yaya anasema wenye ekzema wanajaa kwa benchi. Tumepata ruhusa ya kamati ya maadili kwa jaribio dogo.

Kukata kipande cha ngozi hatutaki, kwa kitu cha majaribio hakuna sababu ya kumwachia mtu kovu, na wengi wetu tunajua ngozi nyeusi inavyobaki na alama. Tunatumia mkanda wa kunata: unabandika, unakandamiza, unavuta, unabandika mwingine palepale, tabaka la juu linatoka kidogo kidogo bila damu. RNA ndefu kwenye hizo seli zilizokufa imeshakatikakatika. mikroRNA zinavumilia kuliko ndefu, ni fupi na zimekumbatiwa na protini za Argonaute.

Siku za kwanza mkanda haukushika. Unabandika, unatoka peke yake. Sababu ni mafuta, watu wetu wanapaka asubuhi baada ya kuoga, na mgonjwa wa ekzema anapaka zaidi, ni haki yake njo matibabu. Kupangusa na spiriti kulichoma ngozi iliyopasuka, tumeacha mara moja. Sasa mgonjwa anaambiwa siku moja mbele: asubuhi ya kuja usipake sehemu mbili tu tutakazokuonyesha, kwingine paka kama kawaida. Inafanya kazi.

Tatizo la pili frigo. Umeme ukienda usiku mzima sampuli zinapata joto. Tumeacha kutegemea baridi peke yake, mkanda unaingia moja kwa moja kwenye maji yenye guanidini tiosianati, ambayo inaua vimeng'enya vinavyokula RNA, halafu ndani ya sanduku la barafu mpaka labo. Glavu mpya kwa kila mtu, mikono yetu yenyewe imejaa hivyo vimeng'enya.

Gharama: mikanda, mirija na dawa dola 210. Barafu dola 2 kwa siku.

Tarehe 27 mwezi wa saba: swali la mafuta ya kujichubua

Hii sehemu sijaiona kwenye data yoyote ya wazi niliyotumia na kwa hapa kwetu bila hiyo mradi hauna maana. Mafuta mengi ya kujichubua yanayouzwa sokoni yana clobetasol, steroidi kali sana. Steroidi inazima uvimbe na inapunguza unene wa ngozi, vitu vilevile viwili tunavyopima. Mtu anaweza kuja na ekzema ambayo imefunikwa na mafuta, tukasoma RNA za dawa tukaandika ni za ugonjwa.

Fomu yetu ya kwanza ilikuwa na swali «Je, unajichubua?». Karibu kila mtu alijibu hapana. Mama mmoja alijibu hapana huku vifundo vya vidole vyake viko vyeusi na mikono iko myekundu. Hakuna wa kulaumiwa, swali lenyewe lilikuwa linahukumu, na liliulizwa na kijana mwanaume mbele ya watu. Tumebadilisha vyote. Sasa muuguzi wetu mwanamke anakaa na mgonjwa pembeni, anamwambia: «Mama, kesho uniletee mafuta yote unayopaka, ya uso, ya mwili, hata ya watoto, tuyaangalie pamoja kama hayakuumizi.» Wanaleta. Mfuko mzima. Tunaandika jina na viambato kutoka kwenye kopo, na yaya anampa ushauri wa kupunguza polepole, juu ukikata steroidi ghafla ngozi inaweza kulipuka. Mgonjwa anapata kitu hata kama utafiti haumpi kitu.

Kopo zisizo na viambato tunazihesabu kama steroidi haijulikani, hatukisii.

Tarehe 14 mwezi wa tisa: kipimo cha kwanza

Tumepima kwa watu wa timu kwanza, ngozi isiyo na ugonjwa. miR-203 imeonekana wazi kwenye mkanda, miR-146a kwa shida. miR-146a ni muhimu kwetu juu yenyewe inatuliza, inakandamiza IRAK1 na TRAF6, protini zinazopeleka ishara za uvimbe, kwa hiyo kuiona juu kwenye kidonda kunaweza kuwa ni mwili unajaribu kuzima moto, na mtu asiyefikiri ataiandika kama mchochezi.

Tatizo lililobaki ni kipimo cha kulinganisha. Wengi wanatumia U6, RNA ndogo ya kawaida ya seli, lakini kwenye mikanda yetu U6 ilikuwa inapanda na kushuka kutoka sehemu moja ya mkono hadi ingine, kwa msingi huo kila kitu kinachezacheza. Tumehamia cel-miR-39, mikroRNA ya kaminyoo ambayo mtu hana, unaweka kiasi kilekile kwenye kila mrija kabla ya kusafisha, inakuambia umepoteza kiasi gani njiani. Haikuambii ulivuta seli ngapi, kwa hiyo tunapima pia protini iliyotoka kwenye mkanda wa pembeni yake, palepale kwenye ngozi. Swali la yaya limerudi kwa mlango mwingine, safari hii liko na namba.

Vitendanishi vya wagonjwa wa kwanza vimeagizwa, dola 460 pamoja na usafiri, vinapitia Afrika Kusini. Fomu mpya, orodha ya RNA tulizoondoa na sababu ya kila moja, na mistari yote ya programu ya R viko tayari, atakayetaka kurudilia kwa Bukavu ao Goma aniandikie nimtumie, faili zote pamoja hazifiki 30 MB.